Operesheni moja, mistari mitano: kwa nini bima ililipa mstari mmoja tu

*"Jambo Dokta. Niko na mwaka wa pili katika ofisi ya fakitire ya hospitali moja ya hapa Bukavu. Mgonjwa wetu ni mfanyakazi wa shirika la kigeni na bima yake iko nje. Inataka kila operesheni iandikwe kwa kode za Kiamerika, zile za tarakimu tano. Utumbo wake mdogo ulitoboka mahali pawili kwa sababu ya tifoide. Niliandika mistari mitano: kufungua tumbo, kuosha tumbo, kushona utumbo, kuweka dreni (mpira wa kutolea majimaji), kutoa apendisi. Siku ya sita akarudishwa bloku (chumba cha operesheni), mshono ulikuwa umeachia. Wakakata kipande cha utumbo na kumwekea poshi (utumbo unatolewa nje ya tumbo, kinyesi kinaingia mfukoni). Bima imelipa mstari mmoja tu wa operesheni ya kwanza. Ya pili wameikataa yote, eti iko ndani ya siku 90. Mkubwa wangu anasema nimepoteza pesa za hospitali, na ananiambia nitafute kode yenye bei ya juu. Miezi miwili ikipita mgonjwa atarudi kufungwa poshi. Nilikosea wapi, na hiyo ya tatu niiandike namna gani wasiikatae?"*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mmoja humo ana sehemu yake ya kosa. Wewe ulikosea kwenye operesheni ya kwanza. Ya pili mna haki ya kulipwa, ila hukuwapa bima alama ya kuwaonyesha hivyo. Mkubwa wako naye anakusukuma kwenye jambo linaloweza kufunga mlango wa bima hiyo kwa hospitali nzima. Twende taratibu.

Kwanza tuelewane: nasema kode, si kodi. Kodi ni ya nyumba na ya serikali, na nimeshakutana na mhasibu aliyechanganya hizo mbili kwenye barua rasmi. Kode za tarakimu tano zinaitwa CPT. Mwenyewe ni Chama cha Madaktari cha Marekani, kilichozitoa mara ya kwanza mwaka 1966 na kuzirekebisha kila mwaka. Sura ya njia ya chakula inaanza 40490 hadi 49999: inaingilia kwenye midomo, inashuka kooni, tumboni, utumbo mdogo, utumbo mpana, hadi tundu la haja kubwa, kisha inarudi kuchukua ini, nyongo, kongosho na ngiri.

Sisi huku tumezoea namna nyingine. Hospitali zetu nyingi zinapanga bei kwa mafungu: operesheni ndogo, ya kati, kubwa. Ukiingia fungu la kubwa, yote yamo. Mtu aliyekulia katika mafungu hayo akipewa kitabu cha kode anaona soko: kila kitu kina namba, basi kila kitu kina bei, basi tuandike vyote. Lakini ndani ya kitabu cha CPT hakuna bei hata moja. Kode inasema kazi gani imefanyika. Bei iko kwenye mkataba kati yenu na bima. Na kode moja ya upasuaji inabeba kazi nzima, tangu kisu kinapogusa ngozi hadi uzi wa mwisho, pamoja na matunzo ya kawaida yanayofuata.

Ndiyo maana mstari wako wa kwanza ulianguka. Kufungua tumbo kuna kode yake kweli, 49000, lakini ni ya siku ambapo daktari alifungua, akatazama, akafunga bila kufanya jambo lingine kubwa ndani. Akishafungua na kushona utumbo, kufungua kumekuwa mlango tu, na mlango haulipiwi peke yake. Kuosha tumbo lenye usaha kumo ndani. Kuweka dreni kumo ndani. Daktari mshauri wa bima akiona mistari hiyo mitatu pembeni ya kushona utumbo, hana haja hata ya kukupigia simu.

Apendisi ni habari ya peke yake. Madaktari wetu wengi, wakishafungua tumbo, wanaitoa ili isije ikasumbua kesho. Si vibaya kwa mgonjwa, lakini bima hailipi apendisi isiyo na ugonjwa iliyotolewa njiani. Kode ya nyongeza ipo, 44955, kwa apendisi iliyotolewa kwa sababu ya ugonjwa wakati wa operesheni nyingine kubwa. Je, ilikuwa imevimba? Ilikuwa nyeusi? Kama protokole ya operesheni, ile ripoti anayoandika mpasuaji, haisemi, wewe huwezi kusema.

Sasa nikuulize: kwenye mstari wa kushona utumbo uliandika kode gani? Nauliza kwa sababu 44602 ni ya kushona kitobo kimoja cha utumbo mdogo, na 44603 ni ya vitobo zaidi ya kimoja. Wewe mwenyewe umesema mahali pawili. Kama uliandika 44602, hapo ndipo mlipojipunja, na mna haki ya kurudisha fakitire iliyosahihishwa. Faida halali katika kazi yetu iko mahali kama hapo, kwenye tarakimu ya mwisho.

Lakini protokole lazima iseme viwili. Nakuonyesha ninachomaanisha (ileamu ni sehemu ya mwisho ya utumbo mdogo, na mesenteri ni utando unaoushikilia). Protokole ninazoletewa mara nyingi ziko hivi: "Laparo ya katikati. Ileamu imetoboka. Kushona. Kuosha. Dreni. Apendisi. Hakuna shida." Maneno kumi na moja, na mgonjwa amekaa mezani saa tatu. Ilitakiwa iseme hivi: "Kitobo cha kwanza kiko sentimita 20 kutoka mahali ileamu inapoingia utumbo mpana, upana sentimita 1, cha pili sentimita 35, vyote upande usioshikwa na mesenteri. Kingo zimekatwa na kupelekwa laboratwari. Kila kimoja kimeshonwa kwa tabaka mbili. Usaha na kinyesi tumboni kote. Apendisi ya kawaida, imetolewa kwa tahadhari." Daktari anaandika hayo kwa dakika nne, na mstari wako hautingishiki tena. Umeona pia kwamba protokole hii nzuri inaua mstari wa apendisi? Ni sawa. Inasema ukweli pande zote mbili.

Hizo sentimita si urembo. Vijidudu vya tifoide vinajificha kwenye vibonge vya kinga vilivyojaa mwisho wa utumbo mdogo, upande ule usioshikwa na mesenteri, na kwa kawaida ni karibu wiki ya tatu ya homa ndipo mahali hapo panapooza na kutoboka. Daktari mshauri aliyeko nje, ambaye pengine hajaona tifoide iliyotoboka tangu chuoni, akisoma mahali vitobo vilipokuwa anaelewa mara moja kwamba ugonjwa na operesheni vinaafikiana. Kwenye kode za magonjwa, zile za CIM-10 mnazojaza tayari kwenye ripoti, tifoide ni A01.0 na kutoboka kwa utumbo ni K63.1. Ziandike zote mbili. A01.0 peke yake ni homa inayotibiwa kwa vidonge. Bima itauliza kisu kilitafuta nini.

Operesheni ya pili sasa. Hiyo ndiyo inayoniuma, maana ni kazi halisi na mlistahili malipo.

Siku 90 ni hizi: bima nyingi zinazotumia CPT zinafuata utaratibu wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee. Humo operesheni kubwa kama hii inahesabiwa pamoja na siku moja kabla, siku yenyewe, na siku 90 baada yake. Ndani ya muda huo, ziara za daktari mpasuaji kitandani, kutoa nyuzi, kubadilisha bandeji, hata matatizo yanayotibiwa bila kurudi bloku, yote yameshalipwa ndani ya kode ya kwanza. Mashine ya bima ikiona fakitire nyingine ya mpasuaji yuleyule, kwa mgonjwa yuleyule, siku ya sita, inakataa. Haijasoma chochote, imehesabu siku tu.

Ili ijue hii ni kazi mpya, kode inafungiwa mkia wa tarakimu mbili. Kwa mgonjwa aliyerudishwa bloku bila kupangwa, kwa tatizo lililotokana na operesheni ya kwanza, mkia ni 78. Kazi yenyewe, kukata kipande cha utumbo mdogo na kuweka poshi, ni 44125. Kwa hiyo mstari wako ni mmoja: 44125-78. Usiongeze kode ya kufungua tena tumbo lililofunguliwa juzi (nayo ipo, 49002), kwa sababu ileile ya mlango. Na kwenye kode ya ugonjwa usirudie tifoide tu. Iweko kode inayosema mshono uliachia baada ya upasuaji, la sivyo 78 inabaki inaelea.

Nikuambie na upande usiopendeza: 78 hailipi bei nzima. Katika utaratibu wa Medicare inalipwa ile sehemu ya kazi ya ndani ya bloku tu, kwa sababu maandalizi na ufuatiliaji vinahesabiwa kuwa vimeshalipwa kwenye ya kwanza. Mkubwa wako akiona kiasi kimepungua atasema umekosea tena. Mwonyeshe hapa. Pia 78 haianzishi siku 90 mpya. Hesabu inaendelea kutoka operesheni ya kwanza. Likumbuke hilo, tutalihitaji.

Mkia mwingine utakaokuvutia ni 22, wa kazi iliyozidi kawaida. Tumbo lilikuwa limejaa kinyesi, si ndiyo? Mimi nisingeugusa. Unadai maelezo ya daktari kuhusu muda na ugumu uliozidi, unachelewesha fakitire nzima, na mara nyingi mwisho wake ni hapana. Uwekee mgonjwa ambaye protokole yake imeandikwa vizuri tangu mwanzo.

Kuhusu kutafuta kode yenye bei ya juu. Najua ofisi hizo. Mwisho wa mwezi umefika, mishahara haijatoka, jenereta inakula mafuta, na kuna fakitire ya dola imelala mezani. Kukata na kuunga utumbo, 44120, ni kazi kubwa kuliko kushona vitobo. Lakini operesheni ya kwanza haikuwa hiyo, na bima itaomba protokole. Wakikuta kode inasema kukata na karatasi inasema kushona, hawatakata mstari mmoja. Watafungua fakitire zenu zote za mwaka mzima na kudai pesa walizokwisha kulipa. Jina lililoko chini ya fomu ni la nani? Ni lako. Ukiambiwa uandike, omba uandikiwe agizo hilo kwa barua yenye sahihi. Nimeona ombi hilo dogo likinyamazisha watu wakubwa.

Protokole nayo isiguswe. Kama daktari alisahau kuandika vitobo viwili, aongeze maelezo chini, kwa tarehe ya leo na sahihi yake, akisema ni nyongeza. Kuchana karatasi ya zamani na kuandika mpya ni kughushi, hata kama kila neno jipya ni la kweli.

Kama ni pesa mnatafuta, tazameni pengine. Kode ya mpasuaji inalipia kazi ya mpasuaji. Dawa ya usingizi ina kode zake. Laboratwari iliyopokea zile kingo za utumbo ina zake. Siku za kitanda, siku za chumba cha wagonjwa mahututi, damu, antibayotiki, serumu, mifuko ya poshi, kila kimoja kinaingia kulingana na mkataba wenu. Katika fakitire ninazoletewa nikague, hospitali inagombania dreni ya operesheni huku imesahau siku nne za mahututi. Chukua fishi ya mgonjwa, kaa na infirmiye mkuu wa sale, mhesabu siku moja baada ya nyingine.

Kitabu chenu ni cha mwaka gani? Nauliza kwa aibu kidogo, kwa sababu nilipoanza kazi hii Goma tulikuwa na fotokopi ambayo hata jalada haikuwa nalo. Mwaka 2023 kode za ngiri za ukuta wa mbele wa tumbo zilifutwa na mpya zikaja, 49591 hadi 49618, zinazochaguliwa kwa urefu wa tundu kwa sentimita: chini ya 3, kati ya 3 na 10, zaidi ya 10; kisha kama ni mara ya kwanza au imerudi, na kama imenasa. Nikarudishiwa fakitire. Nikaenda kwa daktari kuuliza tundu lilikuwa na urefu gani. Akanionyesha vidole viwili. "Hivi." Nikamwambia bima haina vidole vyako. Tangu siku hiyo rula ya chuma ilikuwa ikichemshwa pamoja na vyombo. Ngiri ya kinena haikuguswa na mabadiliko hayo: kwa mtu mzima anayefanyiwa mara ya kwanza, kwa kufungua, bado ni 49505 ikirudi ndani, 49507 ikiwa imenasa.

Uangalie pia bima inataka lugha gani ya kode. Ikiwa ni ya Ufaransa itadai CCAM, kode za Kifaransa za kazi za daktari, zenye herufi nne na tarakimu tatu: HMFC004 ni kutoa nyongo kwa kamera, ambapo H ni njia ya chakula, M ni nyongo na mifereji yake, F ni kuondoa, C ni kwa kamera kupitia ukuta wa tumbo. Ni lugha nzuri, inasomeka yenyewe ukishaijua. Lakini usichanganye hizo mbili kwenye fakitire moja.

Njia nyingine ni kuachana na kode kabisa na kukubaliana na bima bei ya jumla kwa operesheni chache mnazozifanya kila wiki: apendisi, ngiri, nyongo, utumbo uliotoboka. Kwa hospitali isiyo na mtu wa kode nadhani ni nafuu, maana mnaandika mstari mmoja na mnalipwa haraka. Ubaya wake ni mgonjwa kama huyu wenu. Bei ya jumla inapangwa kwa mgonjwa wa kawaida. Anayerudi bloku siku ya sita anaimaliza, na zaidi. Mkichagua njia hiyo, mkataba useme wazi kurudi bloku kunalipwaje. Bila sentensi hiyo, msitie sahihi.

Na mgonjwa msimtie katikati. Ugomvi wa kode ni wenu na bima. Asizuiliwe kitandani kwa ajili ya mistari minne uliyoikosea, wala asidaiwe tofauti.

Kuna mambo ambayo barua kama hii haitoshi. Bima wakitumia neno udanganyifu, au wakidai kurudishiwa pesa, msijibu kwa simu: nendeni na mwanasheria na mkataba mkononi. Kabla ya hapo, omba kukutana na daktari mshauri wao au mwakilishi wao aliye karibu, uende pamoja na daktari mpasuaji mwenyewe, na protokole zote mbili mezani. Madaktari wawili wakizungumza kuhusu utumbo uliooza wanaelewana kwa dakika kumi. Angalia pia kwenye mkataba mna siku ngapi za kupinga. Zikipita, hata haki yenu haisaidii.

Operesheni ya tatu tuiandae leo. Kufunga poshi ni 44620 ikiwa daktari atafunga tu ile njia. Akilazimika kukata kingo na kuunga upya utumbo na utumbo, ni 44625. Hutajua ni ipi mpaka protokole itoke, kwa hiyo kwenye barua ya kuomba kibali cha bima mtaje zote mbili. Mkia wake si 78 tena. Safari hii kurudi kumepangwa, na mkia wa kilichopangwa ni 58, ambao hulipa bei nzima na kuanzisha siku 90 mpya. Lakini mpango lazima uonekane umeandikwa kabla. Kamwone daktari wiki hii, umwulize kama protokole ya operesheni ya pili inasema poshi ni ya muda na itafungwa baadaye. Kama haisemi, aandike nyongeza yenye tarehe sasa, mgonjwa akiwa bado nyumbani.

Tarehe ya operesheni ya kwanza hukuniandikia. Anza kuhesabu kesho yake, usianzie ile ya pili. Akifungwa poshi siku ya 90 au kabla, weka 58. Akija siku ya 91, andika kode peke yake, bila mkia.